Shajara ya vipimajoto: Moroto mjini na Moroto uwandani

Januari 9

Swali limeletwa na dereva wa lori. Nilimkuta amejilaza chini ya mwarobaini pale stendi ya Moroto, mji wetu wa Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mguuni mwa mlima, taniboi wake kaenda kutafuta chai, akanianza: "Mwalimu, mimi nimetoka Kampala na mzigo. Ukiikaribia Kampala joto linapanda, hilo nimelizoea. Sasa hapa, kule uwandani nachomeka, nikiingia mji wenu napumua. Mji gani huu unaopoza?" Nikamjibu papo hapo kwamba ni mlima. Akaridhika. Mimi sikuridhika.

Nilipofika nyumbani Camp Swahili Chini jibu langu lilikuwa bado linanisumbua. Huu ni mwaka wa kumi na moja nafundisha kwamba mji huwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka. Tunauita kisiwa cha joto. Wanafunzi wanaandika: lami, kuta, mabati, magari, miti michache. Wanakariri, wanafaulu. Na kila mchana wa kiangazi wengi wao wanaingia mjini kutoka uwandani wakisikia kinyume chake kwenye ngozi zao, wala hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Nadhani waliamini kitabu kinajua kuliko ngozi, na aliyewafundisha kuamini hivyo ni mimi. Hilo linaniuma.

Basi tupime. Nina vipimajoto vitatu vya kioo na viwili vya digitali vinavyojiandikia joto kila robo saa. Shule haijafunguliwa, lakini wanafunzi wanne wa Sinia Tatu, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, wako mjini na wamekubali. Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha hapa: Wakaramojong, Waganda, Waturkana waliovuka na mifugo, na familia za askari ambazo zimejaa mtaani kwetu tangu zamani.

Januari 13

Siku nzima ya useremala. Kipimajoto kikipigwa na jua hakipimi hewa tena, kinajipima chenyewe. Ndiyo maana vituo vya hali ya hewa hutumia lile sanduku jeupe lenye mbao za mshazari pande zote, upepo unapita na jua halipiti. Lilibuniwa karne ya 19 na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Uskoti, na hadi leo hakuna aliyehitaji kulibadilisha sana. Tumetengeneza mawili kwa mbao za makreti ya soda na rangi nyeupe, tukayasimamisha kwenye miguu ya mita moja na nusu.

Jambo moja vitabu vya Ulaya havikutusaidia. Vinasema mlango wa sanduku utazame kaskazini. Hapa tuko digrii mbili na nusu tu kaskazini mwa ikweta: Januari jua linapita kusini kwetu, Juni linapita kaskazini. Tumeweka milango miwili, tutafungua ule ulio kivulini.

Afande wa nyumba ya pili, mzee aliyestaafu jeshini, alikuja kutazama akavuta kiti. Akasema: "Mwalimu, kabla ya kulinganisha hao, wapange kwanza mstari mmoja." Alimaanisha vipimajoto. Tukavizamisha vyote kwenye ndoo moja ya maji, tukakoroga, tukasoma. Kimoja kilizidi vingine kwa 0.6. Bila Afande tungetangaza hiyo 0.6 kuwa ni ugunduzi. Tumeibandika kwenye kifuniko cha daftari, ipunguzwe kila mara.

Januari 28

Sanduku moja liko uani kwangu, mahali pa wazi, si chini ya mti lakini miarobaini iko pande tatu. La pili tumelipeleka upande wa Nadunget, kwenye manyata ya mzee mmoja anayefuga mbuzi. Ardhi pale ni tupu kabisa. Nyasi zilishaliwa, kilichobaki ni vumbi jekundu na miiba. Wenyeji wanakiita kipindi hiki akamu, na nikisimama pale saa nane mchana naona hakihitaji tafsiri.

Wiki mbili za kwanza, saa nane mchana: uwandani kama 34, mjini chini ya 32. Tofauti ni digrii mbili na kitu, karibu kila siku. Alfajiri mambo yanageuka: uwandani 16, mjini 18. Msichana wetu mmoja wa Sinia Tatu alilitazama daftari kwa muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo mji unabaki katikati. Uwanda ndio unaokwenda mbali, juu na chini." Sentensi hiyo nimeiandika ubaoni.

Tulikuwa tunasherehekea kwa chapati na mayai Afande alipofika.

"Hiyo manyata iko juu au iko chini?"

"Iko chini kidogo, Afande."

"Kidogo kiasi gani?"

Simu inasema mita 120 chini ya uani kwangu. Mchana wa jua kali, hewa ikiwa imekorogeka vizuri, hupungua joto kwa karibu digrii moja kila mita 100 unazopanda. Maana yake zaidi ya digrii moja ya tofauti yetu si ya mji hata kidogo, ni ya mteremko tu. Jibu nililompa dereva siku ile lilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilikuwa imejificha ndani ya hesabu yetu bila sisi kuiona. Sikulala vizuri.

Februari 6

Tumehamisha sanduku la pili. Sasa liko kusini mwa mji, kando ya barabara ya Nakapiripirit, mguuni mwa mlima ule ule, mwinuko tofauti na uani kwangu kwa mita zisizozidi kumi. Ardhi ni tupu vile vile. Mwenye eneo aliuliza kama sanduku litaleta mvua. Nilimweleza kwamba halileti chochote, linasikiliza tu. Akakubali, kwa sharti kwamba tumwambie litakachosikia.

Februari 15

Tofauti imepungua, haikuisha. Mchana mji uko chini kwa digrii moja na kidogo. Siku yenye upepo mkali inakaribia sifuri, siku tulivu inafika moja na nusu. Usiku mji bado uko juu. Sasa naweza kusimama mbele ya darasa na kusema: mchana wa kiangazi, mji wa Moroto ni baridi kuliko ardhi inayouzunguka, na sababu si mlima peke yake.

Leo nimetumia vipindi viwili kueleza kwa nini, nami naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo penye mradi wote.

Jua la saa sita linamwaga kwenye kila mita moja ya mraba ya ardhi kama wati 1,000. Nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Kiasi kinarudishwa angani na rangi ya ardhi, na kingine ardhi yenyewe inakitupa juu kama miale ya joto. Kiasi kinazama udongoni au ukutani. Kinachobaki kina njia mbili: kupasha hewa, au kugeuza maji kuwa mvuke. Pakiwa na maji, sehemu kubwa inapita njia ya mvuke na hewa haiioni. Pasipo na maji, yote inaingia kwenye hewa.

Wanafunzi walitaka kujua mvuke unabeba kiasi gani. Tukapiga hesabu ya jerikeni la lita 20, lile wanalobeba kila asubuhi. Maji hayo yakikauka yote hewani huchukua nishati ya karibu kilowati-saa 13 na nusu. Ni sawa na pasi ya umeme ya wati 1,000 ikiwaka saa 13 na nusu mfululizo. Darasa lilinyamaza. Tangu utotoni wamelijua jerikeni kwa uzito wake kichwani. Leo wamelijua kwa joto linaloweza kuondoa.

Halafu tukafunga kitambaa chenye maji kwenye kipimajoto kimoja na kukipungia hewani kando ya kingine kikavu. Kikavu 32, chenye kitambaa 17. Digrii kumi na tano kwa kipande cha pamba! Hewa kavu ya akamu ina kiu, na kila inapokunywa inapoza.

Sasa tuangalie ramani ya mji wetu kwa jicho hilo. Uwanda hauna cha kuvukiza. Mji unacho: mwarobaini haupukutishi majani yote kiangazi, mizizi yake inakwenda chini ambako nyasi hazifiki, na kila jani linatoa mvuke. Ongeza maji ya kufulia yanayomwagwa uani, bafu za nje, bustani ya sukumawiki nyuma ya jiko, bomba linalovuja. Mji katika nchi kavu ni chemchemi ndogo ambayo watu wameitengeneza bila kukusudia.

Sababu ya pili ni kivuli na kuta. Asubuhi ukuta wa tofali unachelewa kupata joto, na vichochoro havioni jua mpaka limepanda. Udongo mkavu wa uwandani, uso wake unawaka mapema. Fundi wa friji alituazima kipimajoto cha kulenga, kile cha kushika kama bastola, tukapima nyuso saa saba na nusu mchana: vumbi la uwandani 54, lami 55, udongo chini ya mwarobaini 29. Angalizo kwa watakaojaribu: mabati mapya yanayong'aa yatakudanganya. Yanarudisha taswira ya anga kama kioo, na kifaa kitakwambia yana baridi huku mkono wako ukiungua. Pima mabati yaliyoshika kutu au yaliyopakwa rangi.

Na msichanganye joto la uso na joto la hewa. Setilaiti zinasoma uso. Kati ya vumbi na udongo wa kivulini kuna digrii 25, lakini kati ya hewa ya mji na hewa ya uwanda kuna moja tu, kwa sababu hewa haikai mahali pamoja. Ukiona picha ya setilaiti inayoonyesha mji umepoa kwa digrii nyingi, uliza kwanza ni baridi ya nini.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonishangaza nilipoisoma. Mwaka 2014 Lei Zhao, Xuhui Lee na wenzao walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa miji 65 ya Marekani na Kanada. Waliuliza: uso wa nchi unalitupaje joto lake juu? Uso wenye vinundu, wenye miti mirefu au majengo, unaikoroga hewa na joto linapanda. Uso laini unaiacha hewa ya moto ilale pale pale. Kwenye maeneo yenye mvua nyingi mashamba na misitu ina vinundu kuliko mji, kwa hiyo mji unashindwa kujipoza. Kwenye maeneo makavu mashambani ni vichaka vifupi na ardhi tupu, na mji ndio wenye vinundu. Mji huo huo, nyumba zile zile, ukiuhamishia nchi nyingine unageuka kutoka jiko kuwa kivuli.

Hapo nikaelewa kwamba miaka yote nilikuwa nauliza swali nusu. Niliuliza mji umejengwa kwa vitu gani. Sikuuliza umezungukwa na nini.

Februari 27

Tumepita na bodaboda. Kipimajoto ndani ya kipande cha bomba jeupe la plastiki, kimefungwa mbele kabisa ili joto la injini lisikiguse, mwendo wa taratibu, mwanafunzi nyuma anasoma kila dakika. Tulianzia uwandani, tukapita Boma, Camp Swahili Juu, tukatokea upande wa pili. Joto lilishuka taratibu tulipoanza kuikuta miti, likapanda tena kwenye eneo la maduka ambako hakuna mti hata mmoja, kisha likashuka. Kwa hiyo si mji wote unaopoza. Katikati ya maduka hapana tofauti na uwandani.

Machi 10

Kampala, kwa shughuli za familia, na kipimajoto mfukoni. Nimefikia kwa shemeji yangu Kisenyi. Saa tatu usiku nilisoma 24 uchochoroni. Kesho yake, saa ile ile, nilikuwa Wakiso kwenye shamba la matoke la mjomba, mwinuko karibu sawa: 21 na nusu. Mchana pia mji ulikuwa juu, kwa digrii moja hivi. Vipimo viwili si utafiti, lakini vinakubaliana na dereva wangu.

Nilisimama ukingoni mwa kinamasi cha Lubigi, ambapo mafunjo bado yapo, nikatazama upande mmoja mafunjo na upande mwingine mabati. Kampala inapata mvua misimu miwili kwa mwaka, na nchi yake ya asili ni kinamasi bondeni na migomba mlimani. Kila kitu pale kinavukiza. Mji ulipokuja uliondoa maji na kuweka saruji, kwa hiyo lazima uwe wa moto kuliko jirani zake. Moroto ulikuja na miti na mabomba mahali palipokuwa pakavu. Nchi moja, sheria moja ya nishati, majibu mawili.

Mjomba aliniuliza kwa nini napima hewa ya shamba lake. Nilipomweleza alikata jani la mgomba akanipigia nalo shavuni. Lilikuwa la baridi, jua likiwa utosini. "Hili halijasoma Sinia," akasema, "lakini linajua."

Machi 19

Mchwa wamekula miguu ya sanduku la kusini. Limelala chini siku tatu, data ya siku hizo tumeifuta. Miguu mipya ni ya bomba la chuma.

Machi 24

Nimekuwa nikisoma usiku. Mtu wa kwanza kuandika kwa vipimo kwamba mji una joto lake alikuwa Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, yule aliyeyapa mawingu majina yao ya kisayansi. Kitabu chake kuhusu hali ya hewa ya London kilianza kutoka mwaka 1818. Kila mtu anamtaja kwa ajili ya usiku: alikuta mji umezidi mashamba kwa nyuzi 3.70 za Farenhaiti, kama digrii 2 za Selsiasi. Lakini katika sentensi hiyo hiyo anasema mchana mji ulikuwa chini, kwa nyuzi 0.34. Tofauti ndogo, na London si nchi kavu. Hata hivyo, aliyegundua kisiwa cha joto aliandika pia kisiwa cha ubaridi, na vitabu tunavyofundishia vimechukua nusu moja vikaacha nyingine. Nimewasomea wanafunzi nusu zote mbili.

Leo mifano ni mingi. Phoenix kule Arizona, mji uliojengwa jangwani na kumwagiliwa maji, mchana mara nyingi haujazidi jangwa lake, hata unakuwa chini, halafu usiku unawaka. Abu Dhabi na Dubai vivyo hivyo. India, ambako miji mingi iko kati ya mashamba, kabla ya masika mashamba yakiwa yameshavunwa na ardhi iko wazi, miji mingi huonekana kutoka angani ikiwa na uso baridi kuliko mashamba hayo. Na mwaka 2019 Gabriele Manoli na wenzake walitazama miji zaidi ya 30,000 duniani wakakuta kwamba mvua ya mahali ndiyo inayoamua kwa kiasi kikubwa mji utakuwaje ukilinganishwa na mashamba yake. Sisi na Kampala tumo humo humo, ncha mbili za kamba moja.

Usiku unanihangaisha zaidi. Mji wa Moroto hauwi kisiwa cha ubaridi usiku, na hiyo ni kweli karibu kila mahali. Ardhi tupu inatupa joto lake moja kwa moja kwenye nyota, hakuna kinachoizuia. Kuta zetu zinatazamana, kila moja inampasha mwenzake. Pia kuna upepo unaoshuka kutoka mlimani baada ya saa mbili usiku na kuikoroga hewa ya mguuni, nao unatuvurugia hesabu. Afande ndiye anayesoma saa kumi na moja alfajiri. Nilimwambia kifaa kinajiandikia chenyewe, hana haja ya kuamka. Akajibu kwamba kifaa hakimwambii kama kulikuwa na upepo. Ameanza kuandika upepo.

Aprili 21

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha tarehe 9. Kabla ya siku kumi uwanda ukawa na rangi nyingine. Akiporo, msimu wa mvua, imeingia.

Na tofauti yetu ya mchana imepotea. Tarehe 8 mji ulikuwa chini kwa 1.3. Tarehe 11 sifuri. Wiki hii mji uko juu kwa nusu digrii. Mwanzoni wavulana walidhani sanduku limeharibika tena. Tukavirudisha vipimajoto vyote kwenye ndoo ya Afande. Vyote vizima.

Nilikuwa nimejua kwa kusoma kwamba jambo kama hili linaweza kutokea. Kuliona likitokea kwenye daftari letu, siku kwa siku, ni kitu kingine. Mji haukubadilika hata kidogo kati ya tarehe 8 na 21. Miti ile ile, kuta zile zile. Kilichobadilika ni jirani. Ardhi ilipata maji, nyasi zikaota, na lile joto lote lililokuwa likienda hewani likapata njia ya mvuke.

Msichana wetu akauliza kitu ambacho mimi sikuwa nimekifikia: "Mwalimu, kumbe ile baridi ya mji ilikuwa inapima uwanda?" Ndiyo. Digrii ile moja tuliyoifurahia Februari ilikuwa kipimo cha ukavu wa malisho. Kwao ni uwandani, baba yake ana ng'ombe. Hakuifurahia tangu mwanzo kama sisi wa mjini, na sasa naelewa kwa nini.

Jioni nilikwenda kumwambia mwenye eneo la kusini kile sanduku lilichosikia, kama nilivyoahidi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanionyesha mahali ambapo, alipokuwa kijana, nyasi zilibaki hadi mwezi wa kwanza. Amenipa ruhusa ya kuzungushia kipande kidogo miiba, hatua ishirini kwa ishirini, mbuzi wasiingie, tuone kiangazi kijacho kitabaki na nini.

Mei 12

Juu kwa nusu digrii mchana, juu kwa digrii mbili usiku. Sasa Moroto inafanana na kitabu changu cha zamani. Ningeanza mradi mwezi huu ningemaliza nikiamini kitabu.

Mei 25

Mwenye duka mmoja anataka kuukata mwarobaini ulio mbele ya duka lake, kwa sababu unaficha kibao. Mama anayepika chapati chini ya mti huo alikuja kwangu analia. "Mwalimu, wewe si unapima joto? Njoo upime hapa."

Nilikwenda na kipimajoto cha kawaida, na kingine tulichokichomeka ndani ya mpira wa tenisi ya mezani uliopakwa rangi nyeusi. Hiki cha pili kinasikia kile mwili unachosikia: hewa pamoja na miale inayotoka juani, barabarani na ukutani. Kile cha kawaida kilionyesha kwamba hewa ya chini ya mti na ya hatua kumi mbele yake, kwenye jua, zinapishana kwa nusu digrii. Mwenye duka alipoona hivyo akasema, "Nusu tu?" Nikampa mpira mweusi aushike mwenyewe. Kivulini 31. Juani 44.

Aliuangalia mti, akamwangalia mama na foleni ya wateja wake, ambao wote walikuwa wamesimama ndani ya kivuli, na nusu yao wakimaliza kula huingia dukani kununua soda. Tumekubaliana akate matawi mawili ya chini na kupandisha kibao. Kazi hiyo imefanyika leo jioni, nami nilishika ngazi.

Hesabu ya digrii moja ya mji mzima ni nzuri kwa daftari. Mtu anayesimama juani saa nane anaishi kwenye hesabu ya mpira mweusi, na hiyo inategemea mti mmoja, mahali pamoja. Kwa nchi kavu kuna swali gumu zaidi: mti unakunywa. Kile kinachoupoza mji ni maji, na maji Karamoja yana wenyewe. Mwarobaini mkubwa umeshajitafutia chini. Mche wa mwaka wa kwanza unataka jerikeni, na jerikeni linabebwa na mtoto. Tukisema "pandeni miti" bila kusema nani atabeba, tumesema maneno matupu. Wanafunzi wamekubaliana kuanza na miche sita tu, eneo la maduka, kila mmoja karibu na mahali ambapo maji ya kunawia mikono tayari yanamwagwa.

Juni 8

Miche minne imeshika. Mmoja uliliwa na mbuzi, mmoja uligongwa na bodaboda.

Kipande cha ishirini kwa ishirini kina nyasi zinazofika gotini. Tumesimamisha sanduku la tatu ndani yake, na mlango tunaoufungua sasa ni wa kusini, jua limeshavuka. Nje ya uzio nyasi ni fupi lakini zipo. Vipimo vya masanduku yote matatu mchana huu vinapishana kwa chini ya nusu digrii, na Afande amenitaka niviandike hivyo hivyo, bila kuongeza neno. Ataendelea na alfajiri. Mwenye eneo naye ameomba daftari lake mwenyewe. Hajui kuandika, lakini binti yake atamsomea namba na yeye atamwambia upepo ulitoka wapi.